Mdomo Nyuma ya Kioo

Kioo kikikatwa vizuri hulia. Hulia kwa sauti nyembamba, chwiii, mfululizo, kama hariri inayochanwa na mtu asiye na haraka. Sauti hiyo ikikatika katikati, fundi anajua kwamba hapo mstari haukuingia, na kwamba kioo kikivunjwa kitakwenda kinakotaka chenyewe. Ndiyo maana fundi mzuri wa vioo hakati kwa macho peke yake. Hukata kwa sikio.

Na mzee mmoja, katika karakana yake nyuma ya duka la rangi, alikuwa na sikio lisilo na mfano. Aliweza kuwa uani anakunywa chai, mwanafunzi akakata ndani, naye akasema bila kugeuka, "Rudia, umeruka." Wakienda kutazama wanakuta kweli ameruka. Wakamwita Sikio. Jina likamganda, naye akalivaa kama wenzake wanavyovaa saa ya dhahabu.

Sasa asubuhi moja Sikio aliinamia meza ya kukatia, ile iliyotandikwa zulia kuukuu, akachovya almasi yake kwenye mafuta ya taa, akaipitisha juu ya kioo. Mafundi wote hukiita kisu hicho almasi, ijapokuwa siku hizi ncha yake ni kigurudumu cha chuma tu. Mkono ulikwenda sawa. Mstari ukaonekana, mweupe, mwembamba kama unywele.

Lakini kioo hakikulia.

Alisimama, akaitazama almasi, akaipitisha tena kwenye kipande cha taka. Kimya. Malori ya barabarani aliyasikia. Nyundo ya seremala jirani aliisikia. Sauti nzito ya mkwewe, mume wa binti yake wa mwisho, akiongea na mteja mlangoni, aliisikia. Ni kile kilio tu ambacho hakikuwepo, kama jino lililong'oka: ulimi unakwenda pale pale na kukuta pengo.

"Baba, mbona umesimama?" mkwe akauliza akiingia.

"Almasi hii imekufa. Haisemi kitu."

Mkwe akaichukua, akaipitisha mara moja, akainua uso. "Mbona inalia vizuri?"

"Umeisikia wewe?"

"Nimeisikia. Kwani wewe..."

"Nilikuwa nakupima," Sikio akamkatiza, akacheka. "Nilitaka kujua kama na wewe una sikio, au ni pambo tu la kuwekea kalamu."

Mkwe naye akacheka, akarudi kwa mteja. Sikio akabaki ameshika ukingo wa meza. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Karibu na mlango wa karakana ile kulikuwa na stuli ya mbao ya miguu mitatu. Sikio hakuwahi kuikalia. Ilikuwa ya mwalimu wake, fundi mkuu aliyemfundisha kazi, ambaye macho yalipofifia aliendelea kukata mpaka wateja wakaanza kurudisha vioo. Wanafunzi wake wakamwambia kwa adabu, "Mzee, wewe kaa hapa upokee wageni." Akakaa. Mwanzoni kila aliyeingia alimwamkia. Baadaye watu wakawa wanazungumza juu ya kichwa chake kama vile anayekaa pale ni gunia. Mwishowe siku moja fundi mmoja aliingia na koti lililolowa mvua, akatafuta msumari, asiuone, akalitundika koti begani kwa mzee. Watu wakacheka. Kilichomtisha Sikio hakikuwa kicheko kile. Ni kwamba mzee hakuliondoa koti.

Tangu siku hiyo Sikio alikuwa na imani yake juu ya uzee, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Aliamini kwamba miaka haina neno. Mtu huzeeka siku kazi yake inapomkataa. Kabla ya hapo ni kijana mwenye mvi.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lake lilianza kulala na njaa. Alipokaa kimya na kujichunguza, aligundua kwamba ndege waliokuwa wakimkera alfajiri walikuwa wamenyamaza, na kwamba simu ya mkewe hailii ila anaiona ikitetemeka mezani. Zaidi ya yote aligundua jambo la ajabu: mkewe alipozungumza akimtazama, alisikia kila neno. Alipogeuka kuchukua kitu kabatini, maneno yalibaki mngurumo tu, kama mtu anayesemea ndani ya mto. Kumbe kwa muda mrefu hakuwa akisikia. Alikuwa akisoma midomo, na akili yake ikimdanganya kwamba ni masikio.

Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, maana alikumbuka jinsi wanavyobeba.

Kioo kikubwa hubebwa kikiwa kimesimama, na watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili kisiyumbe. Katika karakana ya Sikio kulikuwa na sheria moja iliyopita zote: hakuna anayesogea, anayesimama wala anayeachia bila neno kutoka kwa mwenzake. "Twende." "Simama." "Nimeshika." Mwenzio akisema simama, unasimama hata kama nyuki wamekuvamia, kwa sababu huenda kioo kiko shingoni kwake. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Na tangu kabla ya msimu wa mvua, kumbe, alikuwa akiitii kwa macho, akiutazama mdomo wa mkwewe kupitia kwenye kioo kile kile walichokibeba.

Bahati yao ni kwamba kioo cha dirisha unaona ng'ambo.

Haukupita muda shemeji yake akaja. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, karani mstaafu, na watu walimwita Kijana kwa sababu hakukubali kuitwa kitu kingine. Nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko alivyozaliwa nazo. Alivaa raba nyeupe na aliingia kila mahali akirukaruka kidogo, kama mtu anayesubiri kuingizwa uwanjani.

"Shemeji," alisema, "bado unatembea kama uliyemeza mwavuli."

"Na wewe bado unajipaka rangi ya viatu kichwani."

"Hii si rangi, hii ni nidhamu. Uzee ni uvivu, shemeji. Mwili ukiuambia keti, unaketi. Ukiuambia kimbia, utanung'unika lakini utakimbia. Ng'ombe hazeeki maini."

"Hazeeki maini kwa sababu huchinjwa mapema."

Mkwe alicheka mpaka akaweka kioo chini. Kijana naye alicheka, kisha akaeleza shida yake. Alikuwa amekodi ukumbi ghorofa ya pili wa kufanyia mazoezi, yeye na wazee wenzake, na alitaka ukuta mmoja uwe vioo vya kujitazamia, viwili vikubwa kupita kimo cha mtu.

"Mtu akijiona anavyopinda, atajinyoosha," alisema. "Wazee wengi wanazeeka kwa sababu hawajitazami."

Kioo cha kujitazamia kina rangi mgongoni. Ukikibeba huoni ng'ambo. Unajiona mwenyewe.

"Kazi hiyo ni ngumu kwenye ngazi," alisema polepole.

Kijana alimtazama magoti, kisha akamtazama usoni. "Kama imekuzidi umri, niambie bila haya. Kuna vijana wale wa stendi, wana nguvu."

"Imemzidi nani?" Sikio akasema. "Leta vipimo."

Jioni mkewe alikuwa amekaa sebuleni na sindano. Mama huyu alikuwa amepokea uzee kwa namna yake. Miwani yake ilikuwa ya aina mbili, fimbo aliichagua sokoni kwa kuzijaribu zote kama mtu anayechagua viatu, na akishindwa kupitisha uzi humwita mtoto yeyote apitaye barabarani, akampitishia, kisha akamwombea dua ndefu.

"Uzee ni mgeni," alipenda kusema. "Ukimfungia mlango ataingia dirishani, na dirisha utalipia wewe."

"Na wewe umemkaribisha mpaka chumbani," Sikio alimjibu jioni ile.

"Nimemkaribisha, nikampa na kazi. Ananisaidia kukaa chini bila kuulizwa kwa nini." Akavuta uzi, akaukata kwa meno, kisha akamtazama mumewe usoni, kwa makusudi, midomo yake ikitamka wazi. "Birika limepiga filimbi mchana mpaka maji yakakauka, Baba watoto. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale."

Sikio akainama kufungua kamba za viatu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe akasema.

"Maradhi gani sasa? Masikio yana nta."

"Hospitali wanapima. Na zipo mashine ndogo za kuweka sikioni."

"Fundi wa vioo na mashine sikioni. Mimi, Sikio. Wateja watanunua kioo au watanunua kicheko?"

"Methali haikusema kifo cha nani." Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha mzee kuliko ukali. "Anayekuwa upande wa pili wa kioo ni mume wa mwanangu."

"Nikimaliza kazi ya kaka yako nitakwenda."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama akasema, akarudi kwenye kitambaa chake. Neno lililofuata Sikio hakuliona, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa.

Siku ya kazi ilifika na jua lake. Waliegesha gari la vioo mbele ya jengo, wakateremsha kioo cha kwanza, wakavaa glovu za ngozi. Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, na katikati zilikata kona kwenye kibaraza kidogo.

Zamani Sikio ndiye aliyeshika upande wa chini. Kwenye ngazi, wa chini ndiye anayebeba uzito na ndiye anayebeba hatari, na fundi mkuu hamwachii mtu nafasi hiyo. Lakini tangu magoti yaanze kupiga kelele alikuwa ameipisha. "Mkwe wangu ajifunze," alisema, na kila mtu akasifu moyo wake wa kufundisha. Kwa hiyo siku ile mkwe alikuwa chini, upande wa mgongo wa kioo wenye rangi, kati ya kioo na ukuta. Sikio alikuwa juu, upande unaong'aa.

"Twende," mkwe alisema wakiwa bado chini, wakati kichwa chake kilikuwa kimechungulia pembeni, na Sikio akauona mdomo. Wakaanza kupanda. Kichwa cha mkwe kikapotea nyuma ya kioo.

Badala yake Sikio aliona mzee. Alikuwa mzee aliyekunja uso, mishipa ya shingo imesimama, macho yamemtoka kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. Ilimchukua kitambo kukubali kwamba ndiye yeye. Maisha yake yote alikuwa amezungukwa na vioo na alikuwa amejizoeza kuona kingo zake tu, mikwaruzo yake tu. Sasa hakukuwa na pa kutazama pengine. Alijikuta anatazama mdomo wa mzee yule, kwa mazoea, akisubiri useme neno. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

Muziki ulikuwa ukivuma kutoka ghorofani, dunda-dunda, akiusikia miguuni zaidi ya masikioni. Alipanda ngazi moja, akavuta. Akapanda nyingine, akavuta. Alijiambia kwamba mkwe akiita, atasikia kitu, japo mngurumo. Alijiambia kwamba vidole vyake vinatosha. Walifika kibarazani, akaanza kugeuza kioo kufuata kona, na hapo kikawa kizito.

Kwenye kioo, nyuma ya bega lake, aliona watu. Wazee wa Kijana walikuwa wametoka ukumbini na nguo zao za mazoezi, wamejipanga ngazi za juu. Walikuwa wameinua mikono. Midomo yao ilikuwa wazi. Mama mmoja alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, na Kijana mwenyewe alikuwa akipunga viganja kwa nguvu.

Wananishangilia, Sikio alifikiri.

Na kwa sababu hiyo, Mungu amsamehe, alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akavuta kwa nguvu zake zote.

Vidole vyake ndivyo vilivyosikia kwanza. Kioo kilitetemeka, tetemeko dogo, kama ngozi ya mnyama akituliwa na inzi. Kisha ufa ukatokea kona ya chini, ukapanda taratibu, ukampita mzee wa kwenye kioo kifuani, ukakata shavu, ukatokea juu ya jicho. Ndipo akasimama.

Walipokuja watu kukishikilia kioo na kukisogeza, mkwe alionekana. Kona ya kioo ilikuwa imembana kifuani kwenye ukuta, na mkono wake wa kulia, aliouweka kukinga, ulikuwa umechanika kutoka kwenye glovu hadi karibu na kiwiko. Damu ilikuwa imeshafika ngazi ya tatu. Uso wake haukuwa na maumivu bado, ulikuwa na mshangao tu.

"Baba," alisema, "nimekuita. Nimekuita na kukuita."

Mmoja wa wale wazee alikuwa muuguzi enzi zake. Alivua taulo shingoni akaufunga mkono kwa kasi ambayo hakuna aliyemdhania. Kijana, yeye na raba zake nyeupe, alikuwa ameketi kwenye ngazi, magoti yakigongana, akitazama ukuta ili asione damu.

"Ni muziki," alisema. "Ni kosa langu, jamani. Nilifungulia muziki mkubwa. Nani angesikia hapa?"

Watu wote walimgeukia Sikio. Mlango wa kukwepea lawama ulikuwa umefunguliwa, mpana, na shemeji yake ndiye aliyeushika ukingo. Sikio akaingia.

"Muziki," alisema. "Ndiyo. Muziki."

Hospitalini walimshona mkwe, wakamlaza kwenye kitanda cha pembeni apumzike kabla ya kurudi nyumbani. Daktari alisema kioo kingeingia upana wa kidole zaidi, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Sikio alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akiwa bado ana vumbi la kioo kwenye nyusi. Alimtazama mkwewe mdomoni. Hakuthubutu kuondoa macho.

"Usijisumbue, Baba," mkwe alisema. Alikuwa amechoka na dawa, lakini alijitahidi kutabasamu. "Ajali ni ajali. Mkono ukipona tutapandisha cha pili. Safari hii tutawaambia wazime muziki kwanza."

Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja. Kama mkwe angemtukana, angevumilia. Lakini alimwona akilini mkwewe huyu akirudi kwenye ngazi zile zile, akiingia tena nyuma ya kioo, kati ya kioo na ukuta, akiita, akiamini kwamba upande wa pili kuna mtu. Aliiona ile stuli ya miguu mitatu, akaliona koti lililolowa. Kisha akaiona damu kwenye ngazi ya tatu. Vitu hivyo viwili vilisimama mbele yake kama vipande kwenye mizani, na kwa mara ya kwanza stuli ilikuwa nyepesi.

"Haikuwa muziki," alisema.

Mkwe aliinua kichwa.

"Sisikii, mwanangu. Sauti nyembamba zimekwisha zote. Kioo kikilia sisikii. Mtu asiponitazama sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Labda na nyuma ya hapo, sijui."

Macho ya mkwe yalianza kutembea darini. Sikio alijua anahesabu vioo. "Vile vya hoteli," mkwe alisema. "Tulivyopitisha nje, kwenye jukwaa la mbao."

"Nilikuwa nakuona mdomo kupitia kwenye kioo."

"Siku ile ilikuwa na vumbi. Nilijifunga kitambaa mdomoni."

"Siku ile nilibahatisha."

Mkwe alimtazama. Mshangao ulikuwa umeondoka usoni mwake, na kilichoingia badala yake ni hofu, hofu tupu ya mtu anayegeuka nyuma na kuona kumbe alipita kando ya shimo gizani. Kisha akageuza uso ukutani, akasema kitu. Kilikuwa kirefu. Sikio aliona shingo ikitembea, akasikia mngurumo ukipanda na kushuka, na akajua kwamba anaambiwa jambo kubwa pengine kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mtoto huyu. Alingoja ageuke. Hakugeuka. Na mpaka leo hajajua alisema nini, wala hakupata ujasiri wa kuuliza.

Siku zikapita. Mkwe hakuja karakana. Binti alikuja kumsalimu baba yake, akaweka matunda mezani, akazungumza na mama yake jikoni wakiwa wamempa mgongo. Sikio alikwenda hospitali kama alivyoahidi, akaketi ndani ya kijumba kidogo akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, akakaa humo muda mrefu mno na kidole chake hakina kazi. Daktari alimwandikia mashine, akamwambia angoje iletwe. Alisema itamrudishia maneno ya watu. Alipouliza kuhusu kilio cha kioo, daktari aliinua mabega.

Kijana alikuja siku moja bila kurukaruka. Mizizi ya nywele zake ilikuwa imeanza kuonyesha weupe.

"Wazee wanauliza vioo," alisema. Halafu, akiwa ameangalia viatu vyake, ikabidi Sikio ainame ndipo aone: "Pale ngazini, shemeji, sikuweza hata kusimama. Miguu iligoma. Kila siku naikimbiza, na siku ile iligoma."

"Usimwambie mtu," Sikio alisema, "na mimi sitasema kuhusu rangi ya viatu."

Wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka wakiwa msibani.

Wiki ile ile mkwe alitokea mlangoni. Mkono ulikuwa bado na bendeji. Hakuingia mara moja. Alisimama pale kwenye mwanga, mahali ambapo uso wake unaonekana vizuri, na Sikio akaelewa kwamba amechagua kusimama hapo.

"Hutabeba tena, Baba," alisema.

"Sitabeba."

"Watabeba vijana wa seremala. Nimeshazungumza nao."

"Vyema."

"Lakini kile kilichovunjika lazima kikatwe kingine, na mimi kidole hiki na hiki havina nguvu. Nikiikandamiza almasi inaruka." Alitazama mezani, ambako bamba la mwisho la kioo cha kujitazamia lilikuwa limelazwa, uso juu, likionyesha dari. "Hakuna bamba jingine mpaka mwezi ujao. Likiharibika hili, basi."

Sikio alifahamu anachoambiwa, na hofu ikamrudia, ile ile ya asubuhi ya kwanza. "Sitasikia nikiruka."

"Nitasikia mimi."

Mkwe aliingia, akachukua ile stuli ya miguu mitatu iliyokuwa karibu na mlango, akaiburuta mpaka upande wa pili wa meza, akaikalia, kidevu chake kikawa karibu usawa wa kioo. "Usitazame mstari," alisema. "Mkono unaujua. Nitazame mimi."

Sikio alichovya almasi kwenye mafuta ya taa. Akaweka rula, akabana. Chini yake yule mzee wa kwenye kioo alikuwa akimtazama kutoka darini, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Mikono ya fundi haitetemeki mbele ya kioo. Aliwahi kumpiga mwanafunzi kwa hilo. Aliyaondoa macho kwa mzee yule, akayainua kwa mkwe, akaanza kuvuta.

Hakuna kitu kigumu kama kukata bila kutazama na bila kusikia. Alikuwa kama mtu anayetembea ukingoni mwa paa huku amefumba macho, akiongozwa na uso wa mtu mwingine, na mtu huyo aliwahi kumwamini hivyo hivyo akakaribia kufa. Uso wa mkwe ulikuwa umetulia. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo upande. Robo ya safari. Nusu. Karibu na mwisho nyusi za mkwe zilikunjana, na moyo wa Sikio ukasimama, lakini mkono haukusimama, maana almasi ikisimama katikati ya mstari haina pa kuanzia tena. Alivuta mpaka ukingoni, akainua.

"Nimeruka?"

Mkwe alikuwa amefumba macho, kama anayeirudia sauti ile kichwani. Sikio aliukodolea macho mdomo wake.

"Sijui," mdomo ulisema. "Pale mwisho sina hakika. Vunja."

Wakasogeza bamba mpaka ukingo wa meza, mstari sawa na mbao. Mkwe alishika upande wake kwa mkono mzima. Sikio aliweka viganja vyake upande mwingine, akapima uzito, akajaza pumzi. Walikuwa wameangaliana juu ya kioo, na hakuna kati yao aliyefanya mzaha.

"Nimeshika," mkwe alisema, akilitamka neno wazi, silabi kwa silabi.

Sikio akashindilia chini.

Sauti hakuisikia. Aliona kioo kikiachana sawasawa na mstari, na mabega ya mkwe yakishuka.